Jina la Nyota na Ahadi ya Bima: Uhakiki wa Matangazo ya Biashara kwa Masikio ya Masisi na Walikale

1. Utangulizi

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia, ushairi na masimulizi ya kale. Tangazo la biashara tumelipa nafasi ndogo, ingawa ni utungo usikikao mara nyingi zaidi kuliko nyingi kati ya tungo hizo katika siku moja ya mtu mwenye redio au simu ya mkononi. Makala haya yanakusudia kulichunguza tangazo kama utungo: lina fanani, lina hadhira, lina fani na maudhui, na kwa hiyo linaweza kuhukumiwa kwa vigezo vya uhakiki kama tungo nyingine.

Tutajihusisha na aina moja tu, nayo ni tangazo ambalo mtu mashuhuri, awe mwanamuziki, mwigizaji au mchekeshaji, hutoa sura na sauti yake kwa ajili ya bidhaa ya mtu mwingine. Tutaitazama aina hiyo hasa inapohusu bima. Hoja yetu ni moja. Nyota anapoliazimisha jina lake, anatenda tendo la lugha ambalo jamii zetu zilikuwa nalo kabla ya kuja kwa redio, yaani tendo la kudhamini. Lakini tangazo humtenga mdhamini na wajibu wa kujibu. Bidhaa ikiwa bia, hasara ya utengano huo ni ndogo, kwa kuwa mnywaji huonja na kuamua mwenyewe. Bidhaa ikiwa bima, jambo ni zito, kwa sababu bima haionjwi. Anayeinunua hununua ahadi tupu, na ubora wa ahadi hujulikana siku ya msiba.

Suala hili si la nadharia tu kwetu sisi wa Kongo. Tangu miaka ya 1960 biashara ya bima ilikuwa mikononi mwa shirika moja la taifa, SONAS, lililoundwa mwaka 1966. Sheria ya bima ya Machi 2015 iliuondoa ukiritimba huo, na mwaka 2019 makampuni binafsi ya kwanza yalipata vibali. Penye washindani wengi ndipo penye matangazo mengi. Ni vema basi wasomi wa lugha wajitayarishe kuyapima kabla masikio hayajayazoea.

2. Mfano wa Japani: nyota asiyesifu

Tuanze mbali kidogo, Japani, kwa sababu huko aina hii ya tangazo imekomaa kuliko mahali pengi. Bima ya kisasa ni ya zamani katika nchi hiyo: kampuni ya Tokio Marine ilianza mwaka 1879, Meiji Life mwaka 1881 na Nippon Life mwaka 1889. Mwaka 1916 serikali ilianzisha bima ndogo ya maisha iliyouzwa katika maofisi ya posta, ili hata mtu wa kipato cha chini aifikie. Televisheni ya kibiashara ilianza mwaka 1953. Tangu hapo nyota wa filamu, wa nyimbo na wa michezo wamekuwa wakionekana katika matangazo ya kila namna, mengi yakiwa ya sekunde 15 tu.

Msomaji aliyezoea matangazo yetu angetazamia kwamba nyota huyo atatumia sekunde zake 15 kuisifu kampuni. Mara nyingi sivyo. Mfano unaokumbukwa sana na Wajapani ni tangazo la Nippon Life la mwaka 1984, ambamo alitokea mwigizaji Ken Takakura, aliyefariki mwaka 2014. Takakura alijulikana kwa nafasi za wanaume wakimya, wenye kutimiza neno lao hata kwa hasara yao wenyewe. Katika tangazo hilo haelezi viwango vya fidia, wala hataji ukubwa wa kampuni. Anakiri tu, kwa maneno machache mno, kwamba yeye ni mtu asiye na wepesi wa mambo. Kauli hiyo ikawa kama msemo wa watu wote nchini humo.

Tukilichambua tangazo hili kifani, tunaona kwamba kiini chake ni upungufu wa sifa. Mtu asiyejua kujieleza ndiye anayeaminiwa kuwa hatasema uongo. Hadhira inajaza yenyewe pengo: inaikumbuka tabia ya wahusika aliowahi kuwaigiza, kisha inaihamisha tabia hiyo kutoka kwa mhusika hadi kwa mwigizaji, na kutoka kwa mwigizaji hadi kwa kampuni. Hizi ni hatua mbili za uhamisho, na hakuna hata moja iliyothibitishwa. Hapo ndipo ulipo ufundi wa tangazo, na hapo pia ndipo ulipo udhaifu wake.

Hata hivyo, haifai kulihukumu tangazo la Japani bila kutazama kilichosimama nyuma yake. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, makampuni ya bima ya maisha yaliwaajiri wanawake wengi, wakiwemo wajane wa vita, kwenda nyumba kwa nyumba kuuza bima. Desturi hiyo ya muuzaji mwanamke aliyejulikana mtaani iliendelea kwa miongo mingi. Kwa hiyo nyota aliufungua mlango, lakini aliyeingia na kuketi alikuwa mtu mwenye jina na anwani, ambaye mteja angeweza kumwuliza swali na hata kumgombeza. Udhamini wa nyota ulikuwa na miguu. Jambo hili ni muhimu kwa hoja yetu, na tutalirudia.

3. Mapokeo ya Kongo: sifa yenye bei

Kwetu mapokeo ni tofauti. Nyota wa Kongo ni mwanamuziki kwanza, na muziki wetu wa mjini umekuwa karibu na biashara tangu mwanzo. Bendi ya OK Jazz yenyewe ilipata jina lake kutokana na baa iliyokuwa ikipiga ndani yake. Mwaka 1973 Franco Luambo na bendi hiyo walitoa wimbo "Azda", uliotungwa kwa ajili ya kampuni iliyouza magari ya Volkswagen katika Zaire ya wakati huo. Wimbo huo ulivuka mipaka na kupendwa na watu ambao hawakuwa na njia yoyote ya kununua gari. Hii ni dalili ya kwanza ya tofauti tunayoitafuta: kwa wasikilizaji hao tangazo lilikwisha kuwa wimbo, na bidhaa ikasahaulika.

Baadaye ikaenea desturi ya mabanga. Neno hili la Kilingala lina maana ya mawe, na "kutupa libanga" ni kulitaja jina la mtu ndani ya wimbo ili asifike, mara nyingi kwa malipo. Mfanyabiashara, mwanasiasa, mwenye duka la nguo Ulaya, wote huweza kutajwa. Katika miaka ya 2000 viwanda vya bia vikayatumia mapokeo haya kwa ukubwa zaidi: Werrason alihusishwa na Primus ya Bralima, naye JB Mpiana na Skol ya Bracongo, na ushindani wa wanamuziki hao wawili ukawa pia ushindani wa chupa.

Baadhi ya wahakiki huilaani desturi hii kwa kuwa sifa imenunuliwa. Sisi hatuoni kwamba malipo peke yake ni kosa. Katika fasihi simulizi yetu fanani hulipwa pia. Hadhira humpa chakula, kinywaji na zawadi, naye huwataja kwa wema waliompa. Kosa, kama lipo, liko kwingine. Anayetajwa katika libanga anatajwa kwa jina lake, na kila msikilizaji anajua kwamba ametajwa kwa sababu alitoa fedha. Hakuna anayedanganyika kuhusu uhusiano wa mtoaji na mpokeaji. Katika tangazo la bidhaa, kinyume chake, fedha iliyotolewa hufichwa, na sifa huvaa nguo za ushuhuda. Nyota anasema "mimi natumia hiki" mahali ambapo libanga lingesema "fulani amenipa".

Kwa hiyo tunazo fani mbili ambazo hazipaswi kuchanganywa. Moja ni sifa, ambayo haimfungi msemaji kwa lolote. Nyingine ni ushuhuda, ambao humfunga. Tangazo la nyota huishi kwa kuazima nguvu ya ushuhuda huku likibaki na uhuru wa sifa.

4. Hadhira ya Masisi na Walikale

Sasa tuwatazame wanaosikiliza. Masisi ni milima ya malisho, mashamba ya maharagwe na viazi, na machimbo kama yale ya Rubaya. Walikale ni msitu, mito, na machimbo ya Bisie. Lugha za nyumbani ni Kihunde, Kinyarwanda na Kitembo upande mmoja. Kinyanga na Kikumu, pamoja na nyingine, upande wa pili. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha watu sokoni, kanisani, katika pikipiki na katika redio. Mitambo ya televisheni ni michache, na umeme ni wa shida. Matangazo huwafikia watu kwa redio, kwa simu, kwa mabango ya Goma, na kwa nyimbo zinazopigwa katika baa na magari.

Hadhira hii si ngeni katika sanaa ya kusifu. Banyanga wa Walikale wanayo karisi, yaani utendi mrefu unaoimbwa na kusimuliwa. Daniel Biebuyck aliirekodi karisi ya Mwindo mwaka 1956 kutoka kwa fanani Candi Rureke, kisha akaichapisha mwaka 1969 pamoja na mwanaisimu Kahombo Mateene. Mwindo ni shujaa anayejigamba. Alizaliwa akitembea na kusema, akatupwa mtoni ndani ya ngoma na baba yake Shemwindo, akarudi kumkabili. Kila hatua ya safari yake ina majigambo.

Lakini msomaji makini atatambua kwamba majigambo hayo yana mwenye kuyahukumu. Baada ya kumwua Kirimu, joka ambaye alikuwa rafiki wa Nkuba, yaani Radi, Mwindo anachukuliwa na Nkuba juu mbinguni. Huko anateswa kwa baridi na jua, anaonywa, na kutwezwa. Anaporudi kwa watu wake hajigambi tena; anawapa sheria za kuishi pamoja. Kwa maneno mengine, karisi inamruhusu shujaa kusema makubwa, kisha inamtaka ajibu kwa aliyoyasema na kuyatenda. Huu ni mpango wa maadili uliofumwa ndani ya fani yenyewe, wala si nasaha iliyobandikwa mwishoni.

Tunapendekeza kigezo hiki cha karisi kiwe kipimo cha tangazo la nyota. Je, utungo huu una Nkuba wake? Je, ndani yake au nyuma yake yuko mtu awezaye kumwita msemaji atoe hesabu? Japani ya wajane wauzaji ilikuwa na jibu, japo si kamili. Tangazo linalotoka Kinshasa au ng'ambo, likasikika Nyabiondo au Kibua, mara nyingi halina.

Tunaona uthibitisho wa jambo hili katika biashara ya fedha kwa njia ya simu. Huduma ya M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, nayo makampuni ya simu yametumia nyimbo na sura za wanamuziki kama ilivyo kwingineko Afrika. Lakini ukimwuliza mama auzaye mafuta ya mawese kwa nini alikubali kuweka fedha yake ndani ya simu, hatakutajia mwanamuziki. Atakutajia kijana fulani anayeketi chini ya mwavuli karibu na soko, mtoto wa fulani, ambaye akikosea kutuma fedha anajulikana kwao ni wapi. Nyota amelifanya jina la huduma lijulikane. Kuaminiwa kwake kumetokana na mwenye mwavuli. Kujulikana na kuaminiwa ni mambo mawili, na wenye makampuni hukosea wanapodhani kwamba la kwanza huzaa la pili.

5. Neno lenyewe: bima na asiransi

Katika Kiswahili sanifu tunalo neno bima, lililotufikia kutoka Bara Hindi kupitia biashara ya Bahari ya Hindi. Asili yake ya mbali ni neno la Kiajemi lenye maana ya hofu. Katika Kiswahili cha Kivu neno litumiwalo zaidi ni asiransi, lililotoka katika Kifaransa, na ambalo asili yake huko ni wazo la kuwa na hakika. Pwani wamekiita kitu hiki kwa jina la hofu inayokileta. Sisi tumekiita kwa jina la hakika kinayoahidi.

La muhimu zaidi kuliko asili ni vitenzi vinavyoandamana na majina hayo. Mswahili wa pwani hukata bima, kama akatavyo tikiti: analipa, naye anapata haki ya kusafiri. Kwetu mtu hulipa asiransi, kama alipavyo kodi na faini. Utumizi huu una historia yake. Tangu sheria ya Januari 1973 bima ya magari dhidi ya madhara kwa watu wengine imekuwa ya lazima, na kwa watu wengi ndiyo bima pekee waliyopata kuiona. Katika mahojiano yetu na motari mmoja wa njia ya Sake tulimwuliza asiransi ni nini. Hakutoa maelezo; alitoa karatasi mfukoni, akasema kwamba hiyo huonyeshwa kwenye baryeri. Tulipomwuliza inamsaidia nini akigonga mtu, alishangaa, kwa kuwa hakuwahi kulihusisha swali hilo na karatasi ile. Mtu akigongwa, alisema, wamotari huchangishana.

Jibu hilo lina semantiki nzima ndani yake. Neno asiransi katika akili ya msemaji huyu limo katika uwanja wa maana ya askari, kizuizi na malipo. Wazo la kusaidiana siku ya ajali limo katika uwanja mwingine kabisa, ule wa kuchangishana, wa likilimba, wa vikundi vya kuweka na kukopeshana vijijini, na wa mituweli za afya. Mwandishi wa tangazo anayetaka kumfikia motari huyu ana kazi ya kulihamisha neno kutoka uwanja wa kwanza hadi wa pili. Kazi hiyo ni ya lugha, na nyota hawezi kuifanya kwa kutabasamu.

Tatizo la tafsiri huongeza uzito. Matangazo mengi hutungwa kwa Kifaransa, wimbo wake huwa wa Kilingala, na Kiswahili huja mwisho kama tafsiri ya haraka. Tuchukue mfano wetu wenyewe wa kubuni: "Chukua asiransi yako leo, uishi bila woga, kwa masharti." Sehemu mbili za kwanza ni agizo na ahadi, nazo zinaeleweka na kila mtu. Sehemu ya tatu ni maneno mawili tu, lakini ndiyo yabebayo mkataba wote. Masharti hayo yameandikwa kwa Kifaransa cha kisheria katika hati ambayo mteja hataweza kuisoma. Hivyo tangazo hugawa kazi kati ya lugha tatu: Kilingala hufurahisha, Kiswahili huahidi, Kifaransa hukanusha. Mgawanyo huu ndio kasoro kubwa zaidi ya kifani tunayoiona katika matangazo ya ahadi katika eneo letu.

6. Yasiyosemwa

Kila utungo una kimya chake, na mhakiki hana budi kukisikiliza. Kimya cha tangazo la bima ni orodha ya hasara ambazo haitalipa. Kwa desturi ya biashara hiyo duniani, hati nyingi za bima huziacha nje hasara zitokanazo na vita. Tuiweke kanuni hiyo mbele ya hadhira yetu. Waasi wa M23 waliichukua Rubaya mwaka 2024, Masisi-kati na Goma Januari 2025, na Walikale-kati Machi 2025, kabla ya kuondoka huko Walikale Aprili mwaka huo huo. Goma ilipochukuliwa benki zilifungwa. Ng'ombe, mazao, nyumba, maduka na pikipiki vilipotea, na watu wakahama zaidi ya mara moja. Kwa mtu wa Masisi hatari kuu ya maisha ni ile ile ambayo hati huiondoa katika ukurasa wake wa ndani.

Hatusemi kwamba makampuni yanadanganya. Hakuna kampuni iwezayo kubeba vita peke yake. Tunasema kwamba tangazo linalomwahidi mtu wa Masisi maisha bila woga, huku likinyamazia woga wake mkubwa kuliko yote, limeshindwa kama utungo: halimjui msikilizaji wake.

Na hapa tena Japani inatufundisha. Hatari kuu ya Wajapani ni tetemeko la ardhi, nayo pia huachwa nje ya bima ya kawaida ya moto. Tetemeko la Niigata la mwaka 1964 lililifanya suala hilo lisiweze kunyamaziwa tena, na mwaka 1966 ikatungwa sheria ya bima ya tetemeko, serikali ikibeba sehemu ya mzigo pamoja na makampuni. Baada ya tetemeko na mawimbi ya tarehe 11 Machi 2011, matangazo ya biashara yaliondolewa kwa muda katika televisheni, na matangazo ya huduma za jamii yakashika nafasi yake. Makampuni ya bima ya maisha nayo yalitangaza kwamba hayatatumia vifungu vilivyowaruhusu kupunguza malipo kwa sababu ya tetemeko. Siku hizo nyota walikaa kimya, na ahadi ikapimwa bila wao. Kwetu, mji wa Goma umekumbwa na Nyiragongo mwaka 1977, 2002 na 2021, na vita havijahesabika. Swali la ni nani abebe hatari hizo pamoja na raia ni swali la kisiasa, lakini lugha yetu inaweza angalau kukataa kulifunika kwa nyimbo.

Kuna kimya cha pili, nacho kinamhusu nyota mwenyewe. Mchekeshaji Amri Athumani wa Tanzania, aliyejulikana kwa jina la King Majuto, alipendwa katika Afrika Mashariki yote na alionekana katika matangazo mengi. Alipougua mwaka 2018, hali ya malipo na mikataba yake ya matangazo ikawa mjadala wa hadharani, hata Waziri Harrison Mwakyembe akaunda kamati ya kuipitia mikataba ya wasanii. Majuto alifariki Agosti mwaka huo. Tunamtaja kwa heshima, kwa sababu kisa chake kinaonyesha kwamba anayeazimisha jina lake huenda yeye mwenyewe hana wa kumdhamini. Mdhamini asiyedhaminiwa hawezi kuwa Nkuba wa mtu yeyote.

7. Pingamizi

Msomaji anaweza kutupinga kwamba tumelichukulia tangazo kwa uzito kupita kiasi. Watu, atasema, si wajinga. Wanajua kwamba nyota amelipwa, wanacheza wimbo, wanakwenda zao. Pingamizi hili lina ukweli, na habari ya "Azda" inaliunga mkono. Lakini linahusu bidhaa zinazoonekana. Aliyecheza wimbo wa Volkswagen bila kununua gari hakupoteza kitu. Aliyetoa sehemu ya mapato yake ya maharagwe kila mwezi kwa sababu ya sauti aliyoipenda, kisha akakuta kwamba msiba wake haumo katika hati, amepoteza fedha. Amepoteza pia kitu kigumu zaidi kukirudisha, yaani imani kwamba maneno ya mkataba yana maana. Atarudi kwenye likilimba, wala hatarudi peke yake. Atarudi na majirani wote waliomsikia.

Pingamizi la pili ni kwamba kazi ya mwanaisimu ni kueleza, si kuhukumu. Tunaikubali kanuni hiyo kuhusu lahaja na matamshi. Hatuna haki ya kumcheka asemaye asiransi. Lakini ahadi ni tendo la lugha, kama alivyotufundisha J. L. Austin katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1962, na tendo lina masharti ya kutimia kwake. Kusema kwamba ahadi fulani imetolewa na mtu asiye na uwezo wa kuitimiza, kwa lugha isiyo ile ya mkataba, ni kueleza, tena ni kueleza kwa usahihi.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tangazo la nyota ni utungo unaostahili kuhakikiwa, na kwamba katika bima utungo huo una kasoro ya msingi: unaazima nguvu ya ushuhuda bila kuubeba wajibu wake. Japani kasoro hiyo ilipunguzwa na muuzaji aliyejulikana nyumbani na sheria iliyoitaja hatari kuu ya nchi kwa jina lake. Katika mapokeo yetu wenyewe karisi ya Mwindo inatuonyesha kwamba majigambo yanaruhusiwa, mradi yuko wa kuyadai hesabu.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, masharti ya bima yatajwe kwa Kiswahili kile kile kilichotumika kuahidi, na hasara zisizolipwa zitajwe ndani ya tangazo lenyewe. Pili, maneno bima na asiransi yatumiwe sambamba, pamoja na msamiati wa kuchangishana ambao watu tayari wanao, ili maana ihame kutoka kwenye baryeri hadi kwenye msiba. Tatu, wanafunzi wetu wanaotafuta mada za tasnifu wayakusanye matangazo ya redio za Goma, Masisi na Walikale, wayanukuu kwa uangalifu, wayalinganishe na hati zake za Kifaransa. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Inahitaji masikio na subira.

Yule motari wa Sake alipoirudisha karatasi yake mfukoni, alituuliza kama sisi, kwa kuwa tumesoma, tunaweza kumwambia yaliyoandikwa nyuma yake kwa herufi ndogo. Tulimsomea sentensi mbili tatu, tukimtafsiria polepole. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ni nani aliyeyasema maneno hayo, na anakaa wapi.